Chuma cha Ufipa: Tangu Malungu Hadi Mashine ya Kuchomelea

Leo tunaanza na jambo ambalo huenda limekwisha kukupata. Mvua za kwanza zimenyesha, ardhi imelainika, na ng'ombe wamefungwa nira tangu alfajiri. Umefika katikati ya shamba, plau inagonga kisiki, na kile chuma kinachoshika gurudumu kinakatika. Kazi imesimama. Kwenda mjini ni nauli na siku nzima, na huko fundi naye ana foleni ya watu. Unaporudi siku ya tatu, jirani yako amekwisha panda mahindi yake, na wewe ndiyo kwanza unaanza kulima. Mahindi yaliyochelewa kupandwa huvunwaje? Jibu unalo mwenyewe.

Ndiyo maana wakulima wengi wa Laela, Mpui, Matai, Chala na Namanyere hujiuliza: je, tununue mashine ya kuchomelea vyuma? Na kama ni kununua, tununue ipi? Swali hilo ni zuri, nasi tutalijibu. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo. Hapa Ufipa swali la kupata moto wa kufanyia kazi ya chuma si geni. Wazee waliotangulia walilijibu wenyewe, wakafanikiwa, kisha elimu yao ikazimika. Tukielewa jinsi ilivyozimika, tutajua pia jinsi ya kununua mashine.

MOTO WA MALUNGU

Katika baadhi ya mashamba na mapori ya Ufipa, hasa upande wa Nkasi, hadi leo kuna vigofu vya udongo vilivyosimama kama vichuguu virefu, vyenye matundu chini. Karibu yake ardhini utaokota vipande vyeusi, vizito, vingine vinang'aa kama kioo. Mtoto atakuambia ni mawe. Siyo mawe. Hayo ni mavi ya chuma, na vigofu vile ni malungu, yaani matanuri ya kutolea chuma katika mawe yenye chuma.

Ilungu moja lilikuwa refu kuliko mtu, kiasi cha mita 3 hivi. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo hushikana vizuri na huvumilia moto mkali. Chini kulikuwa na matundu kuzunguka pande zote. Mafundi walijaza mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, wakawasha. Na hapa ndipo penye ajabu: ilungu halikuhitaji mivukuto. Hewa ya moto ilipanda juu kama moshi unavyopanda katika bomba la nyumba, na hewa mpya ikavutwa yenyewe kupitia matundu ya chini. Urefu wa tanuri ndio uliofanya kazi ya kuvuta pumzi.

Lakini usidhani kwamba chuma kilitoka kinatiririka kama maji. Uchafu wa jiwe ndio ulioyeyuka ukachuruzika, ukawa yale mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki kama donge lenye vishimo vishimo, limechanganyika na mabaki ya mkaa. Donge hilo halikufaa kufuliwa jembe moja kwa moja. Lilipelekwa katika tanuri la pili, dogo, linaloitwa kintengwe, ambalo lilivukutwa kwa mikono. Humo chuma kilisafishwa, kisha mhunzi akakiweka juu ya fuawe na kukipiga nyundo mpaka kikawa jembe, shoka au mkuki.

Mtaalamu wa mambo ya kale Bertram Mapunda alichunguza mabaki hayo katika miaka ya 1990 huko Nkasi. Alionyesha kwamba hata malungu hayakuwa ya kwanza. Kabla yake palikuwa na matanuri mengine, mafupi zaidi, yanayoitwa katukutu. Kwa hiyo watu wa nyanda hizi walibadilisha mashine zao walipoona ipo njia inayowafaa zaidi. Mambo ya kubadili mitambo hayakuletwa na wageni.

Angalia mambo mawili hapo, maana tutayahitaji mbele. La kwanza, wazee hawakuwa na moto mmoja wa kazi zote. Tanuri kubwa lilikuwa na kazi yake, na dogo lilikuwa na kazi yake. La pili, walijenga tanuri mahali ambapo mawe ya chuma, udongo na mkaa vinapatikana. Hawakuanza na tanuri kisha wakatafuta kuni.

JEMBE NA INTUMBA

Chuma chote hicho kilikuwa cha nini? Kwa sehemu kubwa kilikuwa cha jembe. Mfipa ni mkulima wa intumba. Nyanda za Ufipa zina nyasi nyingi na miti michache, kwa hiyo kilimo cha kukata na kuchoma miti hakikuwatosha watu. Wakulima walifyeka nyasi, wakazifunika kwa udongo katika vilima vya duara, zikaoza humo na kuwa mbolea. Msimu uliofuata vilima vilibomolewa na kusambazwa, ulezi ukapandwa. Leo wataalamu wanasifu mbolea ya mboji. Ufipa ilikuwa ikiifanya kabla ya afisa kilimo wa kwanza kufika.

Lakini kugeuza nyasi za Ufipa chini ya udongo si kazi ya kijiti. Inahitaji jembe pana na zito. Bila mhunzi hakuna jembe, bila jembe hakuna intumba, na bila intumba hakuna ulezi. Ndiyo sababu jembe lilikuwa na heshima kubwa, hata likaingia katika mahari. Na mhunzi naye alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Wakati wa kuyeyusha, wanaume walikaa kambini, mbali na wake zao, na kiongozi wao alikuwa na kapu la dawa. Sisi leo tunaweza kucheka habari za dawa. Lakini ndani ya miiko ile kulikuwa na mafunzo pia. Kijana aliyekaa kambini alijifunza udongo upi ufae, jiwe lipi lina chuma, na moto ukibadilika rangi maana yake nini.

JEMBE LA DUKANI

Wakaja wageni. Mapadri wa White Fathers walifika pwani ya Ziwa Tanganyika upande huu katika miaka ya 1880, na Karema ikawa kituo chao tangu 1885. Mmoja wao, Padri Wyckaert, alichapisha mwaka 1914 maandishi juu ya wahunzi wa kipagani na wahunzi Wakristo wa nchi hizi. Maana yake, hata baada ya watu kubatizwa, chuma kiliendelea kutengenezwa. Dini mpya haikuyazima malungu kwa siku moja.

Kilichoyazima ni mambo mengine yaliyokuja pamoja. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya fedha taslimu. Vijana wakaondoka kwenda kutafuta fedha hiyo katika mashamba ya mkonge na katika migodi ya mbali. Wakati huohuo jembe lililotengenezwa Ulaya likafika madukani, nalo lilipatikana kwa fedha ya siku chache, wakati ilungu lilidai kundi la watu na mkaa mwingi. Kila familia ilipiga hesabu yake na kununua la dukani. Huwezi kuwalaumu.

Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya kuyeyusha chuma Ufipa, na mwaka 1958 likachapisha mengine. Kufikia wakati huo wa pili habari yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa kumbukumbu. Wazee walijua, lakini vijana hawakuwa wamekaa kambini. Kuna methali isemayo: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma. Yaani mtoto wa mhunzi, kama hajaweza kufua, basi avukute mivukuto, na hivyo ndivyo atakavyojifunza. Hapa mwana wa mhunzi hakusana wala hakuvukuta; alikuwa kwenye mkonge. Elimu ikakatika katikati ya baba na mwana.

Uhunzi wenyewe haukufa wote. Mhunzi wa kijiji aliacha kutafuta jiwe la chuma, akaanza kuokota chuma chakavu. Springi ya lori iliyokatika ikawa panga na shoka. Mpaka leo ukimkuta mhunzi wa namna hiyo na mivukuto yake, usimdharau. Baadaye nitakuambia kwa nini unamhitaji hata ukiwa na mashine ya umeme.

PLAU, GEREJI NA KABAIDI

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na makao yake makuu yakawa Sumbawanga. Mahindi yakaanza kushindana na ulezi, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya kusini inayotegemewa kwa chakula cha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Jembe la mkono peke yake halikuweza kubeba mzigo huo. Plau ya ng'ombe na mkokoteni vikaenea. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojulikana kama UFI, kilijengwa kwa msaada wa China ili majembe na plau zitoke hapahapa nchini. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975 na kupita Tunduma, ingawa kutoka hapo hadi Sumbawanga kulibaki zaidi ya kilomita 200 za vumbi na tope.

Tazama basi tofauti. Jembe la mkono lina sehemu mbili, ubao na mpini. Likikatika mpini, unachonga mwingine. Plau ina boliti, gurudumu, mnyororo na fremu. Mkokoteni una ekseli. Mashine ya kusaga ina nguzo na kinga za mikanda. Kadiri chombo kinavyokuwa na sehemu nyingi, ndivyo zinavyoongezeka njia za kukatika. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilipokosa fedha za kigeni, vipuri vikawa haba. Watu wakajifunza kwa lazima kuunga badala ya kununua.

Kuunga kwa wakati ule mara nyingi kulikuwa kazi ya gereji ya mjini au karakana ya misheni. Baadhi ya mafundi walitumia gesi. Njia hiyo ya kuchanganya oksijeni na asetilini ilitengenezwa na Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard kwenye mwaka 1903. Fundi hutia maji katika kabaidi, gesi ya asetilini inatoka, anaiwasha pamoja na oksijeni, na moto wake unayeyusha chuma. Haihitaji umeme, na inaweza kukata, kupasha moto na kuunga. Lakini chupa ya oksijeni ni lazima ibebwe kutoka mbali, na uzembe kidogo tu unalipua. Kwa mkulima wa kijijini, huo si moto wa kuanzia.

MOTO WA UMEME

Sasa tufike kwenye mashine yenyewe. Mwaka 1881 Nikolai Benardos, mtu wa Dola ya Urusi, alionyesha kwamba cheche ya umeme inaweza kuyeyusha na kuunga chuma. Alitumia kijiti cha kaboni. Mwaka 1888 Mrusi mwingine, Nikolai Slavyanov, akatumia kijiti cha chuma chenyewe, ambacho huyeyuka na kujaza pengo. Tatizo likabaki moja: maungio yalikuwa na vishimo na yalivunjika haraka, kwa sababu hewa iliingia katika chuma kilipokuwa majimaji.

Dawa yake ilitoka Sweden. Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, alikivika kijiti koti la udongo wa madini. Kijiti kinapoungua, koti hilo hutoa gesi inayofukuza hewa, kisha linayeyuka na kuganda juu ya chuma kama gamba. Fundi akimaliza hugonga gamba hilo kwa kinyundo, na chini yake unaona chuma kinang'aa.

Gamba hilo mafundi huliitaje? Mavi ya chuma! Ndiyo, jina lilelile la vipande vyeusi vilivyolala katika mashamba ya Nkasi. Ni ndugu. Katika ilungu, mavi yalichukua uchafu wa jiwe na kuondoka nao. Katika kuchomelea, yanafunika chuma kisiharibiwe na hewa. Ukiona ndani ya maungio kumebaki vipande vyake, jua fundi hakusafisha, na pale patakatika. Mwyeyushaji wa Ufipa angelielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Kilichochelewa Ufipa ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulilishwa umeme wa njia inayotoka Zambia. Sheria ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na nguzo zikaanza kuingia vijijini. Katika miaka ya 2010 lami ikafika kutoka Tunduma. Basi umeme na barabara vilipokutana, mashine za kuchomelea zikaja. Leo unaziona madukani, nyingine ndogo kama begi la shule. Na hapo ndipo watu wanapokosea.

ANZA NA MOTO, SIYO NA MASHINE

Wazee walijua mkaa uko wapi kabla ya kujenga ilungu. Nawe fanya hivyo. Kabla ya kuuliza bei, jiulize umeme wako ni upi.

Kama una umeme wa fezi moja nyumbani, yaani wa volti 230, angalia swichi inayojikata yenyewe karibu na mita ya LUKU imeandikwa ampea ngapi. Ongea na fundi umeme aliyesajiliwa, siyo na muuza duka peke yake. Kama nyumba yako iko mwisho kabisa wa laini, taa zikififia jioni kila mtu anapopika na kuwasha, mashine nayo itafifia. Na ukivuta waya mwembamba wa mita 50 hadi zizini, nusu ya shida zako zitatoka katika waya huo.

Kama huna umeme wa nguzo, utahitaji jenereta. Hapa sikiliza vizuri. Kijiti cha milimita 2.5 kinataka ampea 70 hadi 90 hivi. Kijiti cha milimita 3.2 kinataka 100 hadi 130. Kwa mashine ya kisasa ya inveta, kijiti chembamba kinadai jenereta ya kVA 4 hivi, na kile kinene kVA 6 hivi. Mashine ya transfoma inadai zaidi. Tena, Sumbawanga iko kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, hapa karibu moja ya tano. Jenereta iliyoandikwa kVA 5 ikiwa Dar es Salaam, kwako Kaengesa ihesabu kama 4. Watu wengi husema mashine ni mbovu, kumbe ni mlima.

KAZI YAKO NI IPI?

Sasa chukua daftari. Andika kila chuma kilichokatika kwako na kwa majirani mwaka uliopita: fremu ya plau, bawaba ya mlango, toroli, mkokoteni, kitanda, baiskeli, dirisha. Utaona kwamba kazi nyingi ni za chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 2 hadi 8. Kwa kazi hizo mashine inayotoa ampea 140 hadi 160 kwa kweli inatosha. Huhitaji mashine ya kujengea meli.

Kuna aina mbili za kufikiria. Ya kwanza ni transfoma. Ni nzito, inakula umeme mwingi, lakini imetengenezwa kwa nyaya na chuma tu. Haina mambo mengi ya kuharibika, na ikiungua nyaya fundi anaweza kuzisuka upya. Ziko pia zinazosukwa na mafundi wetu humu nchini. Ukinunua ya namna hiyo, hakikisha imefunikwa vizuri na haina waya ulio wazi, maana mashine isiyo na kifuniko imekwisha ua watu.

Ya pili ni inveta. Ni nyepesi, unaweza kuibeba kwa baiskeli hadi shambani, inatumia umeme kidogo, na cheche yake ni tulivu, hivyo mwanafunzi hujifunza upesi. Ubaya wake ni vumbi na umeme unaopanda na kushuka. Ikiungua ndani, si kila fundi anaweza kuitengeneza. Kwa mkulima mwenye umeme wa nguzo wa fezi moja, au jenereta ya wastani, mimi naona inveta ndiyo ya kuanzia, mradi uitunze: ipulize vumbi, isikae jikoni, na uichomoe wakati wa radi. Radi za Ufipa unazijua.

Usichague kwa namba iliyoandikwa kwa rangi kubwa mbele. Soma kibati cha nyuma. Humo kuna asilimia ya muda wa kazi. Ikiandikwa ampea 160 kwa asilimia 60, maana yake katika kila dakika 10 unachoma dakika 6, na mashine inapumzika dakika 4. Ikiandikwa asilimia 20, ni dakika 2 tu. Kisha mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, na uchome kijiti kizima cha milimita 3.2 bila kuzimika. Akikataa, nenda duka jingine. Dai risiti na uulize vipuri.

Vijiti navyo vitunze. Masika ya Ufipa ni ya baridi na unyevu, na koti la kijiti hunyonya maji. Kijiti chenye unyevu hutoa maungio yenye vishimo, yaleyale ya kabla ya Kjellberg. Viweke katika kopo lenye mfuniko, mahali pakavu.

MASHINE HAIFANYI KAZI ZOTE

Nilikuahidi kurudi kwa mhunzi. Lile jino la plau, linalopasua ardhi, ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi. Ukilichomelea likiwa baridi, kando ya maungio panakuwa pagumu kama kioo, na siku ya pili shambani linapasuka. Jino lililolika ni kazi ya moto wa mkaa na nyundo: mhunzi hulipasha, akalivuta ncha, akalipoza kwa kiasi. Vitu vya chuma cha kusubu, kama vile nyumba ya injini au baadhi ya magurudumu ya mashine, navyo huvunjika vibaya vikichomwa kwa kijiti cha kawaida. Hivyo hata leo tunahitaji moto wa namna mbili, kama ilungu na kintengwe. Kijiji chenye mashine ya umeme na mhunzi kina karakana kamili. Chenye mashine bila mhunzi kina nusu.

Na tahadhari ni hizi. Vaa kinyago chenye kioo cheusi cha kuchomelea, namba 10 au 11. Miwani ya jua haikingi kitu. Macho yaliyotazama cheche huuma usiku, kama yametiwa mchanga, kwa hiyo wafukuze watoto wanaokuja kushangaa. Usichome pipa au tangi lililowahi kuwa na petroli, dizeli au spiriti, hata kama limekauka, maana hulipuka. Bati na bomba lenye zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa. Kwangua zinki kwanza na ufanyie kazi nje. Na usichome chini ya paa la nyasi.

NANI ATAISHIKA?

Ndugu mkulima, hapa ndipo historia yetu inapofika mwisho wake. Malungu hayakuzimika kwa kukosa mawe ya chuma. Mawe yapo. Wala hayakuzimika kwa kukosa akili. Yalizimika kwa sababu mwaka hadi mwaka hapakuwa na kijana aliyekaa pembeni ya moto kujifunza. Nasi tunaweza kurudia kosa hilohilo tukiwa na mashine mpya kabisa. Tunainunua kwa mchango, inawekwa ofisini kwa katibu, mtu mmoja tu anaijua, naye anahama. Baada ya mwaka kuku wanataga juu yake.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Kama daftari lako lina kazi chache kwa mwaka, usinunue peke yako. Unganeni kaya 10, au tumieni fundi aliyepo. Mkinunua, wekeni fedha ya aina tatu: ya mashine, ya kinga pamoja na vijiti, na ya kumfundisha mtu. Chagueni vijana wawili, siyo mmoja, nao wapelekwe VETA, au wakae na fundi mjini kwa miezi. Wasichana wasiachwe nje. Mwiko wa kambini ulikuwa wa ilungu, siyo wa inveta.

Na kabla ya kijana kugusa plau ya mtu, mpe mtihani. Aunge vipande viwili vya chuma chakavu kwa mfano wa herufi T. Poza, kisha pindua kwa nyundo mpaka maungio yavunjike. Tazameni ndani pamoja. Mkikuta vishimo na mavi ya chuma, arudie. Mkikuta chuma kitupu kimeshikana na kupindika kabla ya kukatika, basi amefuzu.

Msimu ujao plau itagonga kisiki tena, visiki havijaisha. Tofauti ni kama utapoteza siku tatu au saa mbili. Hiyo ndiyo faida ya mashine, nayo haitoki dukani. Inatoka kwa mkono uliofundishwa.

Tuishie hapo kwa leo. Kazi njema, na mavuno mema.